Uzi: Fedha za safari ya nje zigawanywe kwa njia, mifuko peke yake haitoshi

Wakuu, heshima kwenu. Mimi ni mfanyabiashara wa mabegi ya shule hapa Kariakoo, na kwa miaka kadhaa sasa nimekuwa nikifuata mzigo Guangzhou, China, na, mara chache, Dubai. Nimeandika uzi huu kwa sababu katika kundi letu la wafanyabiashara kuna mdogo wetu anayejiandaa kwa safari yake ya kwanza, na alipouliza azifiche wapi dola zake, majibu yote aliyopewa yalihusu mahali pa kufichia: soksi, sidiria, chini ya begi, ndani ya kopo la mafuta ya kujipaka. Sikatai kwamba mahali pa kufichia ni muhimu, lakini jambo lililonigharimu mimi lilikuwa jingine kabisa, na ningependa alijue kabla hajapanda ndege.

Ilikuwa mwezi wa Oktoba, msimu ambao sisi wa mabegi hatuwezi kuukosa, maana mzigo usipopakiwa mapema hauwahi shule zinapofunguliwa Januari. Nilikuwa nimemlipa muuzaji mmoja wa Sanyuanli, eneo la masoko ya mabegi kule Guangzhou, asilimia 30 ya bei, na iliyobaki ilipaswa kulipwa mzigo ukishakaguliwa. Dola nilizigawa sehemu tatu kama nilivyofundishwa, kadi ya benki nikaiacha hotelini ndani ya begi, na simu ikawa mkononi muda wote, kwa sababu kule malipo karibu yote, hata ya maji ya kunywa, hufanyika kwa kuelekeza kamera ya simu kwenye msimbo uliobandikwa mezani. Jioni moja, nikitoka kwenye treni ya chini ya ardhi, nilipeleka mkono kwenye mkoba nikakuta zipu iko wazi na simu haipo.

Sikushtuka sana mwanzoni, kwa kuwa niliamini kadi ipo. Nilikwenda kwenye mashine ya kutolea fedha, ikakataa. Nikapiga simu benki kwa simu ya hotelini, na yule dada aliyenipokea, ambaye alikuwa mpole na mwenye kutaka kunisaidia, akanieleza kwamba kadi imefungwa kwa sababu imetumika nje ya nchi bila taarifa, na kwamba ili ifunguliwe lazima nimsomee namba ya uthibitisho atakayoituma kwenye laini yangu. Laini hiyo ilikuwa ndani ya simu iliyoibiwa. Nikafikiria kuirudisha laini, nikakumbuka kwamba hapa kwetu laini husajiliwa na kurudishwa kwa alama za vidole vya mwenyewe, na vidole vyangu vilikuwa Guangzhou. Hapo ndipo nilipoelewa kwamba nilikuwa na mifuko mingi lakini mlango mmoja, na ufunguo wa mlango huo ulikuwa umeondoka na mwizi.

Kilichoniokoa ni dola 400 nilizokuwa nimeshonea kwenye ukanda wa sketi, pamoja na dada yangu aliyekwenda kunitumia kiasi kidogo kupitia huduma ya kutuma fedha kimataifa, nikapokea kwa kuonyesha pasipoti. Nilikula na kulala, namshukuru Mungu, lakini salio la mzigo sikuweza kulilipa kwa wakati, kontena likaondoka bila mabegi yangu, nayo yakafika Februari. Nilikuja kuyauza kwa hasara mpaka muhula wa Julai.

Tangu hapo sisafiri bila kuwa na njia tatu za kupata fedha ambazo hazitegemeani: fedha taslimu, kadi mbili za benki mbili tofauti, na mtu mmoja Dar es Salaam anayejua nipo wapi na mwenye fedha zangu kidogo za kunitumia nikikwama. Namna ya kujipima ni rahisi. Kaa chini, chukua kitu kimoja kimoja, simu, mkoba, pasipoti, laini, ujiulize: hiki kikipotea saa hii, nitalalaje kesho? Ukikuta kitu kimoja kinaondoka na njia zako zote, basi hujagawa fedha, hata kama umezitia kwenye mifuko kumi.

Kazi kubwa hufanyika hapa Dar kabla ya safari. Kwa upande wa laini, mimi sasa nina simu mbili. Ile kubwa naitumia kwa malipo na mawasiliano ya kila siku, na ndani yake naweka laini ya nchi niliyopo. Laini yangu ya Tanzania, ile iliyosajiliwa benki, inakaa kwenye kiswaswadu, kile kisimu kidogo cha vitufe, ambacho hakitoki hotelini, na kazi yake ni moja tu, kupokea ujumbe wa benki. Kabla ya kuondoka napita dukani kwa mtandao wangu kuhakikisha kwamba laini imewezeshwa kufanya kazi nje ya nchi na kwamba ina salio, kwa sababu kuishughulikia ukiwa tayari uko nje ni usumbufu mkubwa.

Benki nazo naziarifu kwa maandishi: ninakwenda nchi fulani, kuanzia tarehe fulani hadi tarehe fulani. Kadi ninayosafiri nayo haifunguki kwenye akaunti yenye mtaji wangu. Nilifungua akaunti ndogo ya pembeni, nikaomba kadi ya akaunti hiyo, na kila baada ya siku mbili tatu nahamishia humo kiasi cha matumizi. Mtu akiinakili kadi yangu au akiiona namba yangu ya siri, atakachokuta ni fedha ya chakula na teksi. Kadi moja ni ya Visa na nyingine ya Mastercard, na hazikai pamoja hata siku moja: moja ninayo mwilini, nyingine ipo hotelini.

Kuhusu dola zenyewe, naomba tusikilizane vizuri. Nunua katika duka la kubadilishia fedha lenye leseni au benki, uchukue risiti, na uzihesabu noti mbele ya dirisha kabla hujaondoka. Mnajua kwamba hata hapa Dar noti za dola 100 hupewa bei nzuri kuliko zile ndogo, na kwamba noti za matoleo ya zamani hukataliwa au hupunguzwa bei. Huko nje ni hivyo hivyo, na pengine zaidi. Chukua zile za dola 100 zenye utepe wa buluu, ambazo zilianza kutumika Oktoba 2013. Ikague kila noti. Ikiwa na mhuri, alama ya kalamu au mchaniko, irudishe hapo hapo, maana nimeona kaunta ambako karani huiinua noti kwenye mwanga, anaipapasa kingo, na akikuta kovu dogo tu anaisukuma kurudi kwako bila maelezo.

Watu wengi huogopa kutangaza fedha uwanja wa ndege wakidhani kwamba watatozwa. Kutangaza ni kujaza fomu, na fomu hiyo haitozwi kodi. Sheria yetu inamtaka anayevuka mpaka akiwa na fedha taslimu zenye thamani ya dola 10,000 au zaidi azitangaze forodha. Wengi husahau kwamba nchi unayoingia nayo ina kiwango chake: China hutaka utangaze ukiwa na zaidi ya dola 5,000 taslimu, Falme za Kiarabu ni zaidi ya dirham 60,000, na nchi za Umoja wa Ulaya ni kuanzia euro 10,000. Mtu anayetoka hapa na dola 8,000 yuko sawa kabisa uwanja wa Julius Nyerere, lakini akishuka Guangzhou akapita kimya, amevunja sheria ya watu, na fedha zake zinaweza kuzuiwa. Risiti ile ya duka la kubadilishia fedha ndiyo itakayokusaidia kueleza zimetoka wapi.

Sasa nije kwenye mfuko. Mama zetu walifunga fedha kwenye pindo la kanga, fundo dogo lililokazwa likasokomezwa kiunoni, na ubora wa fundo lile ni kwamba mkono wa mtu mwingine hauwezi kuligusa bila mwili wako kujua. Mimi nilimpelekea fundi sketi mbili na suruali moja, akanishonea mfuko wa pamba ndani ya ukanda, upana wa noti iliyokunjwa mara moja, zipu ikielekea mwilini. Noti nazifunga kwanza kwenye nailoni nyembamba, kwa sababu jasho huzilegeza na kuzifanya zikataliwe. Mfuko huo haufunguliwi mbele za watu kwa hali yoyote. Fedha ya siku naitoa asubuhi chumbani na kuiweka kwenye pochi ndogo, na pochi hiyo ndiyo mtu yeyote atakayeniona nikifungua.

Ndani ya ndege msilale mkiwa mmeacha fedha kwenye begi la juu. Safari zetu nyingi ni za usiku, taa huzimwa, na wapo wezi wanaosafiri kwa kazi hiyo tu: anasimama, anafungua sehemu ya mizigo kana kwamba anatafuta begi lake, na abiria anakuja kugundua akiwa ameshafika hotelini. Begi linalokwenda kwenye sehemu ya mizigo ya ndege lisiwe na hata dola moja.

Ukifika, angalia mambo mawili. La kwanza ni teksi. Nilimpa dereva mmoja noti ya yuan 100, akaishusha chini ya usukani, kisha akanirudishia akisema ni bandia, nikampa nyingine, naye akarudia. Nilipofika nilikuwa na noti mbili bandia ambazo hazikuwa zangu. Siku hizi nauli nailipa kwa simu au kwa noti ndogo, na nikilazimika kutoa noti ya 100 naisoma tarakimu zake nne za mwisho kwa sauti, kwa Kiswahili, kabla haijatoka mkononi. Haijalishi kama haelewi. Anaona kwamba nimeisoma. La pili ni mashine za kadi. Ukilipa au ukitoa fedha, mashine inaweza kukuuliza kama unataka kukatwa kwa shilingi za Tanzania au kwa fedha ya nchi uliyopo. Chagua ya nchi uliyopo, kila mara. Ukichagua shilingi kwa sababu unaielewa, kiwango cha kubadilishia anakipanga mwenye mashine, na huwa ni cha kukuumiza. Kwa wanaokwenda Dubai kuna nafuu moja: dirham imefungwa kwa dola kwa kiwango cha 3.6725 tangu mwaka 1997, kwa hiyo ukiona ubao wa duka umekaa mbali na 3.6 na senti zake, ondoka, duka jingine lipo hatua ishirini mbele.

Kuna njia moja ambayo siwezi kuinyamazia. Wapo wanaopokea shilingi hapa Kariakoo na mtu wao akamlipa muuzaji wako yuan kule, bila benki na bila karatasi. Najua kwamba ni rahisi na najua kwa nini watu huitumia, hasa kile kipindi cha 2023 na 2024 dola zilipokuwa adimu. Lakini hujui fedha inayoingia kwenye akaunti ya muuzaji imetoka kwa nani, na ikiwa ni ya utapeli, akaunti ya muuzaji hufungwa na polisi wao, mzigo wako husimama, nawe huna hata kipande cha karatasi kuonyesha kwamba ulilipa. Lipeni kwa benki, na mtunze hati ya malipo.

Naomba kuwasilisha, na nitajibu maswali kadiri nitakavyoweza.

Mchangiaji wa kwanza: Dada, nashukuru sana kwa uzi huu. Mwezi ujao ninampeleka mama India kwa matibabu ya moyo. Hospitali imetutumia makisio ya gharama, na ndugu katika familia wanasisitiza kwamba nibebe dola 9,000 taslimu kwa kuwa ziko chini ya kiwango cha kutangaza. Nitakuwa peke yangu na mgonjwa, na kwa kweli ninaogopa.

Mleta uzi: Pole kwa mama, ndugu yangu, na Mungu amjalie apone. Naomba usizibebe. Kwanza, ndugu zako wanazungumzia kiwango cha kutokea hapa. India humtaka mtu atangaze anapoingia na noti za kigeni zinazozidi dola 5,000, kwa hiyo utalazimika kujaza fomu kule ukiwa unasukuma kiti cha mgonjwa. Pili, tangu Aprili 2017 sheria yao ya kodi inakataza mtu kupokea rupia 200,000 au zaidi kwa fedha taslimu kutoka kwa mtu mmoja kwa siku moja, au kwa jambo moja, hivyo hata ukizifikisha salama na kuzibadilisha, dirisha la malipo halitaweza kuzipokea zote. Chukua yale makisio ya gharama uyapeleke benki yako hapa Dar, uombe sehemu kubwa itumwe moja kwa moja kwenye akaunti ya hospitali, kisha usubiri hospitali ithibitishe kwa maandishi kwamba imeipokea ndipo mkate tiketi. Akaunti ya kutumia iwe ile iliyo kwenye barua rasmi ya hospitali, na uipigie hospitali simu kuihakiki namba, kwa sababu matapeli hutuma barua pepe zinazofanana sana na za hospitali zikisema akaunti imebadilika.

Wewe beba dola 1,000 au 1,500 za chakula, malazi na dharura, pamoja na kadi mbili. Unapobadilisha dola upate rupia, tunza cheti wanachokupa, maana ndicho kitakachokuwezesha kubadilisha zilizobaki siku ya kurudi. Usipokee noti za rupia 2,000, ambazo zilianza kuondolewa kwenye mzunguko Mei 2023, wala zile za zamani za 500 na 1,000 zilizofutwa usiku wa tarehe 8 Novemba 2016. Jambo la mwisho, na naliona kubwa kuliko mengine: mama naye awe na dola 200 zake kwenye pindo la nguo yake, na namba ya simu ya mtu wa nyumbani iliyoandikwa kwenye karatasi. Ukipatwa na lolote njiani, mgonjwa asibaki mikono mitupu.

Mchangiaji wa pili: Naongeza kwa upande wa Hija na Umra, kwa kuwa nimekuwa nikiwasindikiza mahujaji. Mwanamume akishavaa ihramu hana mfuko, kwa maana ni shuka mbili zisizoshonwa, kwa hiyo wengi hufunga mkanda wenye mifuko kiunoni. Kosa ninaloliona kila mwaka ni mzee kuweka kwenye mkanda huo pasipoti, riyali zote na kadi, kisha kuingia kwenye tawafu, yaani kuizunguka Kaaba, ambamo watu wanabanana bega kwa bega na mkono wa mtu hauonekani. Tunawashauri waingie na riyali 50 tu na kitambulisho, na nyingine zibaki hotelini kwa kiongozi wa kundi, zikiwa zimeandikwa kwa jina na kusainiwa.

Mleta uzi: Ahsante sana, Sheikh. Hilo la kuandika na kusaini nalipokea kwa mikono miwili. Mali bila daftari hupotea bila habari, na hata mimi kila jioni naandika nilichotoa na kilichobaki mahali pake, kwa sababu zimewahi kupungua dola 100 nikakaa siku tatu nikimshuku mhudumu wa chumba asiye na hatia, kumbe nilikuwa nimezihamisha mwenyewe.

Mchangiaji wa tatu: Mkuu, haya yote ni ya wanaopanda ndege. Sisi tunaokwenda Lusaka kwa basi kupitia Tunduma, kadi haina maana kwetu. Fedha taslimu tu, na wabadilishaji wa mpakani tunawajua.

Mleta uzi: Ndugu yangu, nakubaliana nawe kwamba barabarani fedha taslimu haikwepeki, na wapo wabadilishaji waaminifu mpakani ambao wafanyabiashara wamewategemea kwa miaka mingi. Hofu yangu ni kwa mgeni asiyewajua. Zambia ilifuta sifuri tatu kwenye kwacha mwaka 2013, na noti za zamani zenye tarakimu kubwa hazina thamani tena. Msafiri wa mara ya kwanza aliyebanwa na kondakta anayepiga honi anaweza kupewa bunda lenye noti hizo katikati. Vivyo hivyo kwa upande wa Kenya, ile noti ya zamani ya shilingi 1,000 ilikoma kuwa fedha halali baada ya tarehe 30 Septemba 2019. Kwa hiyo mgeni abadilishe mpakani kiasi cha nauli na chakula cha siku ile tu, ahesabu noti moja moja akiwa ameshika za kwake bado hajazitoa, na asikubali bunda lirudi mkononi kwa mbadilishaji kwa kisingizio cha kulihakiki, kwa sababu hapo ndipo linapopunguzwa. Kiasi kikubwa akabadilishie benki au dukani akifika mjini.

Na wewe uliyezoea njia, naomba unisaidie jambo moja: ukishuka Lusaka ukakuta mkoba haupo, nani atakutumia fedha, na kwa njia ipi? Ikiwa jibu unalo, liandike hapa ili na wengine wa njia hiyo wapate. Ikiwa huna, kabla ya basi la wiki ijayo kaa na mkeo au ndugu yako, mwachie kiasi, mwonyeshe ofisi ya kutumia fedha iliyo karibu na nyumbani, na umwandikie jina lako kama lilivyo kwenye pasipoti, herufi kwa herufi. Dada yangu aliandika jina langu la nyumbani mara ya kwanza, ikabidi arudi tena kesho yake kulirekebisha, nami nikalala usiku mwingine nikiwa na dola 60.